Mwanya wa Mdomo: Maneno ya Watu na Kazi ya Jeni na Protini

Mtoto azaliwapo akiwa na mdomo wa juu usioungana, jambo la kwanza apewalo na walimwengu ni jina. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama ilivyo mahali pengi pa Tanzania, jina la Kiswahili lisikikalo mara nyingi ni mdomo wa sungura, au kwa kifupi mdomo sungura. Wako pia wasemao mdomo wazi, na katika maelezo ya hospitali huonekana mpasuko wa mdomo. Majina haya matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Walakini kila moja limebeba maelezo yake ndani, na maelezo hayo humfikia mama aliyejifungua kabla hajaonana na daktari.

Makala haya yaeleza jinsi mdomo wa mtoto unavyoumbwa tumboni, na kazi ya jeni na protini katika uumbaji huo. Kisha yapima maneno ya Kiswahili kwa mizani ya maelezo hayo. Hoja yake ni moja: mdomo huo haukupasuka, ila haukuungana. Tofauti ya vitenzi viwili hivi si ndogo, maana kimoja humtafuta mkosaji, na kingine hakimtafuti.

Wilaya mbili na lugha zake

Ngara ni wilaya ya mpakani. Magharibi yake ziko Burundi na Rwanda, na mto Ruvubu hukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji husema Kihangaza na Kishubi, lugha ambazo Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa mwaka 1948, aliziweka kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Katika Biharamulo, iliyo mashariki yake, husikika Kisubi, Kizinza, Kihaya na Kisukuma. Kwa hiyo daktari asemaye Kiswahili katika hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge, au katika hospitali ya Biharamulo, aghalabu husema na mama ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili. Mama huyo huyapokea maneno kwa maana yake ya wazi, kisha huyapeleka nyumbani na kuwafasiria mume, mama mkwe na majirani. Neno likipotoka hospitalini, hupotoka mara ya pili lifikapo kijijini. Ndiyo sababu haitoshi kwamba neno la uganga lieleweke na waganga peke yao.

Jinsi mdomo unavyoumbwa

Uso wa mwanadamu hauchongwi kutoka kipande kimoja. Hujengwa kwa vipande vinavyokua mbalimbali, vikasogeleana, vikagusana, na mwishowe vikawa kitu kimoja. Katika juma la nne baada ya mimba kutungwa, kiinitete ni kidogo kuliko punje ya mchele. Wakati huo, kandokando ya tundu litakalokuwa kinywa, hutokea vinundu vitano: kimoja juu, upande wa paji, viwili vya taya la juu, kulia na kushoto, na viwili vya taya la chini. Seli nyingi zivijazazo vinundu hivi hazikuanzia hapo. Zimesafiri kutoka upande wa mgongo, pale ambapo mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga.

Baada ya hayo, katika kinundu cha paji hutokea vishimo viwili vya pua, na kila kishimo hupakana na matuta mawili, moja la ndani na moja la nje. Matuta mawili ya ndani husogeleana yakawa kitu kimoja. Hayo ndiyo sehemu ya kati ya mdomo wa juu, yenye kijifereji kishukacho kutoka puani. Vinundu vya taya la juu navyo hukua kuelekea katikati hata vikaigusa sehemu hiyo, kimoja kulia na kimoja kushoto. Hapo ndipo penye maungio mawili ya mdomo wa juu. Kazi hii hufanyika baina ya juma la nne na la saba, wakati ambapo akina mama wengi hawajafika kliniki hata mara moja.

Ungio moja lisipofungika, mwanya hubaki upande huo; yasipofungika yote mawili, mwanya huwa pande zote. Kwa kuwa maungio yako pembeni, mwanya nao huwa pembeni mwa kile kijifereji, na upande wa kushoto hupatwa takriban mara mbili kuliko wa kulia. Mwanya wa katikati kabisa ni nadra sana.

Kaakaa huja baadaye. Vibao viwili vya nyama hukua kutoka taya la juu, kwanza vikiteremka kandokando ya ulimi. Ulimi ushukapo, vibao hivyo hulala, hukutana juu yake, na huungana kuanzia mbele kuelekea nyuma. Kazi hii humalizika yapata juma la kumi na mbili. Hivyo mtoto aweza kuzaliwa na mwanya wa mdomo peke yake, au wa mdomo pamoja na kaakaa, au wa kaakaa peke yake. Mwaka 1942 Poul Fogh-Andersen wa Denmark alionyesha, kwa kufuatia koo za wagonjwa wake, kwamba mwanya wa kaakaa peke yake ni jambo mbali kwa urithi, na kwamba mwanya wa mdomo, uwe na kaakaa au usiwe nalo, huenda njia yake. Mgawanyo huo umesimama hata leo. Mwanya wa mdomo huwapata zaidi watoto wa kiume, na mwanya wa kaakaa peke yake huwapata zaidi wa kike.

Herufi, neno na kazi yake

Ndani ya seli mna uzi mrefu wa DNA, ulioandikwa kwa herufi nne tu. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo iliyo na habari za kutengeneza kitu fulani, na mara nyingi kitu hicho ni protini. Kila herufi tatu hutaja kijenzi kimoja, navyo vijenzi ni vya aina ishirini. Vijenzi hutungwa kimoja baada ya kimoja, kama ushanga katika uzi. Kisha uzi huo hujikunja ukapata umbo, na umbo ndilo liipalo protini uwezo wa kufanya kazi.

Mtu wa lugha hapati taabu kuuelewa mpango huu. Herufi moja ikibadilika, pika huwa piga, na amri ya jikoni imekuwa amri ya ugomvi. Pengine badiliko halidhuru: heri na kheri ni maandishi mawili yenye maana moja, na katika jeni pia yako mabadiliko mengi ya namna hiyo. Pengine neno hukatika katikati, na protini hutoka fupi isiyofaa kitu. Tena lipo kosa la namna nyingine, ambalo si la tahajia hata kidogo: neno ni sahihi, lakini lasemwa wakati usiofaa, au kwa sauti ndogo mno. Kandokando ya jeni kuna sehemu za uzi ziamuazo jeni isomwe lini, katika seli zipi, na kwa wingi gani. Sehemu hizo zikiharibika, jeni yenyewe yaweza kuwa haina kosa, na kazi isifanyike.

Protini zijengazo mdomo zaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kazi zake.

Kundi la kwanza ni wajumbe. Seli moja huitoa protini nje, na seli jirani huipokea na kujua kwamba yapasa ikue, igawanyike, au isimame. Katika uso wajumbe wakubwa ni jamaa za protini ziitwazo WNT, BMP na FGF, pamoja na ile iitwayo SHH. Hao ndio wavikuzao vinundu na kuvielekeza. Mjumbe akipungua, kinundu hukua polepole, nacho hufika mahali pa kukutania wakati mwenzake amekwisha kupita.

Kundi la pili ni wasimamizi. Protini hizi hazitoki nje ya seli. Hushika uzi wa DNA na kuzifungua au kuzifunga jeni nyingine. Miongoni mwao ni ile itokanayo na jeni iitwayo IRF6. Kazi yake kubwa ni kuzisimamia seli za ngozi ya juu zipate kukomaa. Wanyama wa maabara walitoa ushahidi wa ajabu. Mwaka 2006 ilielezwa kwamba panya waliokosa jeni hiyo kabisa walizaliwa na ngozi isiyokomaa, na ndani ya kinywa sehemu zisizopasa kuungana zilikuwa zimegandana. Funzo lake ni kwamba mwili wahitaji mambo mawili kwa pamoja: mahali fulani ngozi ikubali kuungana, na mahali pengine pote ikatae. Msimamizi wa mambo hayo akikosekana, panapostahili kuungana huachana, na panapostahili kuachana hushikamana.

Kundi la tatu ni gundi. Vinundu viwili vigusanapo, seli za juu zapaswa kushikana, kisha utando ulio baina yao uondoke, ili nyama ya ndani ya upande mmoja ipate kuchanganyika na ya upande wa pili. Kadherini ya E, protini itokanayo na jeni CDH1, ni mojawapo ya zile zishikizazo seli na seli. Katika kaakaa, kazi ya kuuondoa utando wa kati yategemea sana mjumbe aitwaye TGFB3. Panya wasio na jeni hiyo huzaliwa na mwanya wa kaakaa, jambo lililoonyeshwa mwaka 1995.

Kutokana na hayo yaonekana kwamba mdomo ni matokeo ya makubaliano ya wengi. Wajumbe wapeleke habari kwa wakati, wasimamizi wafungue jeni zinazohusika, gundi ishike, na utando uondoke. Yote kwa mpango, ndani ya majuma machache.

Urithi na lawama

Hapa pafaa kutazama neno la pili lenye mzigo, nalo ni neno la urithi. Kiswahili kina njia mbili za kutaja jambo hili. Njia ya kwanza ni jeni, neno la kigeni lililovaa matamshi ya Kiswahili. Ya pili ni kinasaba, pamoja na wingi wake vinasaba, lililoundwa kutokana na nasaba, yaani ukoo. Neno hili la pili ni zuri kwa muundo, na Watanzania wamelizoea kwa sababu ya vipimo vya vinasaba vinavyotumiwa katika mashauri ya kumtambua baba wa mtoto. Lakini zoea hilo ndilo liletalo hatari. Mzazi aambiwapo kwamba chanzo ni vinasaba, husikia kwamba chanzo ni ukoo; na swali lifuatalo ni ukoo upi, wa mume au wa mke. Katika nyumba ambamo mahari imetolewa na wazee wamekaa, swali hilo si la elimu tu.

Ukweli wa mambo ni mpana zaidi. Ipo hali moja ambayo mwanya hurithiwa waziwazi. Anne Van der Woude aliieleza mwaka 1954: watu wa ukoo mmoja huwa na vishimo vidogo katika mdomo wa chini, na baadhi yao huzaliwa na mwanya wa mdomo au wa kaakaa. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba chanzo kikubwa cha hali hiyo ni kosa katika jeni IRF6. Mzazi aliye nayo humrithisha kila mtoto kwa bahati sawa na ya kurusha sarafu. Hata hivyo wenye hali hiyo ni wachache miongoni mwa wote wenye mwanya. Kwa sababu hiyo daktari mwangalifu huutazama mdomo wa chini wa mtoto, na wa wazazi wake pia, kabla ya kusema lolote juu ya urithi.

Kwa wengi waliobaki hakuna jeni moja iwezayo kushtakiwa. Kuna mabadiliko madogomadogo mengi, kila moja likiongeza hatari kidogo, na watu wengi wayabeba wakiwa na midomo mizima. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba badiliko la herufi moja tu, tena nje ya jeni IRF6 yenyewe, katika sehemu iamuayo wakati wa kusomwa kwake, huongeza hatari hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha sehemu nyingine katika kromosomu ya 8, yenye nguvu miongoni mwa watu wa Ulaya, ambayo baadaye haikuonekana kuwa na nguvu ile ile katika Asia. Kwa hiyo yaliyopatikana bara moja hayafai kuhamishwa hadi bara jingine pasipo kupimwa. Utafiti wa watoto wa Ghana, Ethiopia na Nigeria uliotolewa mwaka 2019 ulipata sehemu mpya zihusuzo mwanya wa kaakaa.

Karibu zaidi na Kagera iko kazi ya Mwanza. Mange Manyama na wenzake wa Tanzania, Marekani na Kanada walizipima nyuso za watoto zaidi ya 3,000 wa kanda hiyo, wakazilinganisha na maandishi ya DNA yao. Mwaka 2016 walieleza kwamba jeni mbili, SCHIP1 na PDE8A, zahusiana na ukubwa na umbo la uso. Watoto hao hawakuwa wagonjwa, na hilo ndilo lenye manufaa kwa maelezo haya: maandishi yaundayo tofauti ya kawaida baina ya uso na uso ni ya namna moja na yale ambayo, yakikutana vibaya, huacha mwanya. Mstari baina ya maumbile ya kawaida na kilema ni mwembamba kuliko maneno yetu yanavyodai.

Mapacha wa yai moja hutoa ushahidi wa mwisho. Maandishi yao ya DNA ni yale yale. Lakini mmoja akiwa na mwanya, mwenzake huwa nao katika karibu nusu tu ya jozi hizo. Yaliyobaki hutokana na mazingira ya tumboni na bahati ya ukuaji. Moshi wa sigara, pombe, kisukari cha mama, na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Mama mwenye kifafa asiache dawa kwa hofu. Amwone daktari kabla ya kushika mimba, apate kubadilishiwa ikibidi. Duniani kote mtoto takriban mmoja kati ya 700 huzaliwa na mwanya wa namna hii, na idadi huwa ndogo zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Wazazi wasio na mwanya waliokwisha kumpata mtoto mmoja wa namna hiyo huwa na hatari ya takriban 4 katika 100 kwa mtoto afuatae. Maana yake, katika watoto 100 wa namna hiyo, 96 huzaliwa na midomo mizima. Hesabu hii yafaa itajwe kwa sura hii ya pili, maana ndiyo ielewekayo upesi.

Mtego wa neno protini

Neno la tatu lenye mzigo ni protini. Katika vitabu vya shule na katika mafundisho ya kliniki, protini ni chakula: maharage, samaki, maziwa, nyama na mayai. Ndivyo mama wa Ngara alivyofundishwa, naye hula ndizi na maharage akijua maharage yana kazi gani. Basi daktari asemapo kwamba protini za mtoto hazikufanya kazi yake, mama aweza kusikia kwamba hakula vya kutosha. Hilo ni kosa, nalo ni kosa la lugha wala si la mama. Protini ya maharage huvunjwavunjwa tumboni hata ikawa vijenzi vitupu. Protini za uso wa mtoto hutungwa na seli zake mwenyewe, kwa kufuata maandishi ya jeni zake. Kula vyema kunafaa kwa kila mjamzito, na vidonge vya asidi ya foliki vina manufaa yanayojulikana katika kuzuia kasoro za uti wa mgongo. Lakini hakuna sahani ya maharage iwezayo kusahihisha herufi ya IRF6. Yafaa basi kusema protini zitungwazo na mwili, ili kuzitenga na protini za chakula, kila mara maneno hayo yatumiwapo mbele ya wasio wataalamu.

Kuyapima majina

Sasa yawezekana kuyarudia majina matatu yaliyotajwa mwanzo.

Mdomo wa sungura si jina la Waswahili peke yao. Wajerumani husema Hasenscharte, Wafaransa bec-de-lièvre, na Waingereza nao walikuwa na jina la namna hiyo, ambalo waganga wao wameliacha. Jina hili lina makosa mawili. La kwanza ni la macho: mdomo wa sungura umegawanyika katikati, na wa mtoto huwa wazi pembeni. La pili ni la adabu, nalo ni zito zaidi. Mfano wa mnyama huzaa hadithi ya mnyama. Jina likiisha kumtaja sungura, watu huuliza mama alimwona wapi, alimla, au alimcheka. Swali hilo halitoki katika maumbile. Latoka katika jina.

Mdomo wazi hauna mnyama, lakini una utata. Mdomo kwa Kiswahili ni ule unyama wa nje, tena ni kinywa kizima. Na mtu aliyeshangaa husemwa amebaki mdomo wazi. Jina litumikalo kwa mshangao wa muda halifai sana kwa hali ya kuzaliwa nayo, ijapokuwa halimdhuru mtu.

Mpasuko wa mdomo lina sura ya kitaalamu, na kwa hiyo ndilo la kuangaliwa zaidi. Kitenzi pasuka hudai kwamba kitu kilikuwa kizima kwanza. Nguo hupasuka, chungu hupasuka, na kila kipasukapo kina sababu ya kupasuka. Ufa nao ni wa namna hiyo hiyo: methali ya kuziba ufa ili usijenge ukuta yasema juu ya ukuta uliokwisha kusimama. Pengo ni mahali palipokuwa na kitu kisha kikatoka, kama jino. Katika maneno hayo yote kuna hali ya zamani iliyoharibiwa. Lakini mdomo wa mtoto huyu haukuwahi kuwa mzima ukaharibika. Vipande vyake havijakutana bado.

Katika jamaa hiyo ya maneno liko moja lisilodai hasara, nalo ni mwanya. Mwanya ni nafasi baina ya vitu viwili, nayo yaweza kuwa ya maumbile. Mwanya wa meno ya mbele umesifiwa kwa uzuri tangu zamani. Ukisema mwanya wa mdomo na mwanya wa kaakaa, umetaja nafasi na mahali pake, pasipo kumtaja aliyeifanya. Kwa kuwa mwanya peke yake hufahamika kuwa ni wa meno, hapana budi mahali patajwe kila mara.

Kanuni ya kuunda istilahi, iliyofuatwa kwa muda mrefu na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, hutaka kwanza Kiswahili chenyewe kitazamwe, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo za kigeni. Kinyarwanda, jirani wa Ngara ng'ambo ya Rusumo, chasema ibibari, neno lisilo na sungura ndani yake. Lingeweza kuingia katika Kiswahili kwa sura ya kibari, kando ya kilema, kiziwi na kibogoyo. Lakini yako mambo mawili yalikataayo. Wasemaji wengi wa kanda ya Ziwa huchanganya r na l, na kibari kingegongana na kibali. Tena ngeli ya ki- humgeuza mtu mzima kuwa kasoro yake: kiziwi ni mtu, si sikio. Mwenye mwanya wa mdomo hubaki kuwa mtu, na mwanya ni kitu alicho nacho, kiwezacho kufungwa.

Sauti zinenavyo

Jambo la mwisho ni la wanafonetiki hasa. Mwanya wa mdomo peke yake hauharibu usemi sana. Mtoto huzipata p, b na m kwa kuikaza midomo kwa njia yake. Mwanya wa kaakaa ni mbali. Sauti ya b hutaka kaakaa laini lipande na kuifunga njia ya pua, ili pumzi ikusanyike kinywani. Sauti ya m hutaka njia hiyo iwe wazi. Midomo hufanya kazi ile ile katika sauti zote mbili. Mtoto asiyeweza kuifunga njia ya pua hutaka kusema baba, na wasikilizaji husikia mama. Vivyo hivyo d hukaribia n, nazo s na sh hupoteza nguvu kwa kuwa pumzi yatokea puani. Katika Kiswahili, kama katika Kihangaza na Kihaya, tofauti ya b na mb, au ya d na nd, huyatenga maneno mengi. Mtoto huyu huipoteza. Mwalimu asiyejua sababu humdhania mpumbavu. Hana upungufu wa akili; ana njia ya hewa isiyofungika.

Nayo yafungika. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu au zaidi, aliyeongezeka uzito wa kutosha, na kaakaa kabla usemi haujajenga mazoea mabaya, yapata mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kabla ya hapo kazi kubwa ni kumlisha. Mwenye mwanya wa mdomo peke yake aghalabu huweza kunyonya titi. Mwenye mwanya wa kaakaa hushindwa kuvuta, naye hulishwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe au kijiko, akiwa ameinuliwa kichwa. Watoto wa Ngara na Biharamulo wahitajio upasuaji wa namna hii hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971. Safari hiyo ilikuwa ikikatwa na maji ya ghuba baina ya Busisi na Kigongo, ambapo wasafiri walingoja kivuko. Tangu mwaka 2025 liko daraja. Mashirika kama Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, hugharimia upasuaji huo katika hospitali nyingi za Afrika.

Lakini daraja halimvushi mtoto aliyefichwa ndani. Mama aliyeambiwa kwamba mdomo wa mwanawe umepasuka, au ni wa sungura, au umetoka katika ukoo wake, ana sababu ya kumficha. Aambiwapo kwamba vipande vya mdomo havikukutana kwa wakati, kwamba si kwa tendo lake wala chakula chake, na kwamba fundi aweza kuvikutanisha, ana sababu ya kusafiri. Kwa hiyo watungao istilahi na wafundishao wauguzi na waandike mwanya wa mdomo, mwanya wa kaakaa, jeni, na protini zitungwazo na mwili. Na penye kitenzi, wachague kutoungana.